Pikipiki Imekataliwa Kwenye Ukaguzi: Mwongozo Kamili wa Kuiandaa Ipite

Wengi wanaoniuliza kuhusu ukaguzi wa pikipiki huanza na maneno yale yale: "Injini iko vizuri kabisa, nimetoka kubadilisha oili na plagi, lakini wameikataa." Ukisoma karatasi waliyopewa unakuta taa ya breki haiwaki wakikanyaga kwa mguu, tairi ya nyuma imekwisha katikati, na usukani una mchezo, yaani unatikisika kwenye maungio yake. Injini haikutajwa hata kwa mstari mmoja.

Mkaguzi anatafuta majibu ya maswali manne. Chombo kitasimama? Kitashika njia? Kitaonekana? Kuna kitu kitakachochomoka kikiwa mwendoni? Nguvu ya injini haimhusu, ila injini ikitoa moshi, ikipiga kelele au ikivuja. Kwa hiyo muda na fedha viende kwanza kwenye hayo manne.

Mimi hufanya kazi hii siku nne au tano kabla ya tarehe ya ukaguzi. Ukikagua jioni ya kuamkia siku yenyewe utakuta tatizo, lakini kipuri hutakipata.

## Vitu vya kuandaa

- Kitabu cha mwongozo cha pikipiki yako. Vipimo nitakavyotaja ni vya kawaida. Cha kitabu chako ndicho kinachotawala.
- Kadi ya usajili.
- Kipimo cha upepo, na rula au kipimo cha kina cha kashata za tairi.
- Tochi, chaki na futi kamba.
- Spana, bisibisi, grisi, kitambaa kikavu na brashi.
- Stendi ya kati, au stendi ya fundi inayoinua gurudumu bila kuyumba.
- Mtu mmoja wa kukusaidia. Usimdharau huyu: nusu ya kasoro za taa na usukani hazionekani ukiwa peke yako.

## Hatua ya 1: Soma karatasi ya matokeo mpaka uielewe

Kama hii ni mara yako ya kwanza kwenda, ruka hadi hatua ya 2. Kama umekwisha kataliwa, anza hapa kabla ya kushika spana.

Katika nchi nyingi matokeo hupangwa kwa uzito wa kasoro. Umoja wa Ulaya na Uingereza, kwa mfano, wanatumia ngazi tatu tangu Mei 2018. Kasoro ndogo huandikwa, lakini pikipiki inapita. Kasoro kubwa inaifelisha mpaka urekebishe na kurudi. Kasoro ya hatari maana yake usiiendeshe kabisa. Ibebwe kwenye gari hadi kwa fundi. Ufaransa, ambako ukaguzi wa pikipiki ulianza tarehe 15 Aprili 2024, mwenye kasoro kubwa hupewa miezi miwili ya kutengeneza na kurudi.

Baadhi ya vituo huongeza pia ushauri, kwa mfano "pedi za mbele zinakaribia kwisha". Ushauri haukufelishi leo. Lakini ni orodha ya mambo yatakayokufelisha safari ijayo, na umeandikiwa na mtu aliyekuwa na chombo mbele yake. Itunze.

Sasa jambo linalowarudisha watu nyumbani mara ya pili: karatasi inaeleza kilichoonekana, haielezi kilichosababisha. "Breki ya mbele ni dhaifu" inaweza kuwa pedi zilizokwisha. Inaweza pia kuwa sili ya shokapu (mpira unaozuia oili isitoke) inavuja, na oili inatiririka hadi kwenye pedi. Anayebadilisha pedi peke yake hupata breki nzuri kwa muda mfupi, kisha pedi mpya nazo zinalowa. Kwa kila mstari wa karatasi, jiulize limetoka wapi tatizo hili, ufuate mpaka mwisho.

## Hatua ya 2: Namba za chombo na kibao

Safisha sehemu ya fremu yenye namba ya chesisi, mara nyingi shingoni karibu na usukani, uilinganishe tarakimu kwa tarakimu na kadi. Matope, kutu au rangi mpya iliyofunika namba vinatosha kuifanya safari yako iwe bure.

Kibao cha namba kisiwe kimepasuka, kupindishwa au kufunikwa na mzigo. Usiikwangue namba kwa msasa au tupa hata kama kutu imekolea. Namba iliyokwanguliwa hufanana na iliyochezewa. Tumia brashi laini na mafuta ya taa.

## Hatua ya 3: Taa, moja baada ya nyingine

Hapa ndipo pikipiki nyingi huanguka. Takwimu za ukaguzi za Uingereza huweka taa na ishara juu ya orodha ya sababu za pikipiki kukataliwa, na sioni ajabu. Dereva hukaa nyuma ya taa ya mbele na mbele ya taa ya nyuma, hajioni.

Washa injini, maana betri pekee inaweza kudanganya. Msaidizi asimame nyuma, kisha mbele, akuitikie kila taa: taa fupi, taa ndefu, taa ndogo, taa ya nyuma, taa ya kibao, indiketa zote nne, taa ya breki.

Taa ya breki. Ijaribu mara mbili, kila breki kivyake. Bana ya mkono peke yake, achia. Kanyaga ya mguu peke yake, achia. Kuna swichi mbili tofauti, na moja ikifa nyingine huificha, kwa sababu barabarani tunatumia zote kwa pamoja. Ya nyuma ndiyo husumbua zaidi. Imeunganishwa na pedali kwa springi, na ukikaza breki au kubadilisha urefu wa pedali, wakati wake wa kuwaka unabadilika. Irekebishe mpaka taa iwake pedali inapoanza tu kushuka, kabla breki haijashika.

Tahadhari: shika mwili wa swichi kwa mkono mmoja na uzungushe nati yake kwa mwingine. Ukizungusha swichi yenyewe, nyaya zitajisokota na kukatika ndani, na taa itawaka na kuzima inavyotaka.

Indiketa. Kasi inayokubalika kwa kawaida ni kuwaka mara 60 hadi 120 kwa dakika. Hesabu kwa saa. Ikikimbia kupita hapo, mara nyingi balbu moja imekufa upande huo, au umeweka taa za LED huku rilei (kifaa kinachowasha na kuzima indiketa) ikiwa ya balbu za zamani. Dawa ya hilo la pili ni rilei inayofaa LED. Kubadilisha taa hakutasaidia.

Mwelekeo wa taa ya mbele. Watu hushangaa taa inawaka vizuri halafu wanafeli. Imeelekea juu, inawapofusha wanaokuja. Fanya hivi jioni:

1. Jaza tairi upepo sahihi, kisha simamisha pikipiki kwenye sakafu iliyo sawa, taa ikiwa mita 5 kutoka ukutani.
2. Pima urefu kutoka ardhini hadi katikati ya taa, uweke alama hiyo ukutani kwa chaki.
3. Kaa juu ya pikipiki kama unavyokaa ukiendesha. Uzito wako hushusha nyuma na kuinua taa, kwa hiyo kipimo kisicho na mtu juu hakifai.
4. Washa taa fupi. Ukingo wa juu wa mwanga uwe sentimita 5 hadi 10 chini ya alama.

Ukiona mwanga hauna ukingo, umetawanyika ukutani kama moshi, mara nyingi ni balbu ya LED iliyochomekwa kwenye taa iliyoundwa kwa balbu ya halojeni. Nchi nyingi huikataa. Rudisha balbu ya aina iliyokuwemo.

## Hatua ya 4: Breki

Usiharakishe hapa. Taa ikikufelisha umepoteza siku. Breki mbovu inaweza kukupotezea maisha.

Ya diski. Mulika tochi ndani ya kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski. Pedi nyingi zina mfereji mdogo katikati. Mfereji ukifutika, pedi imekwisha. Angalia pedi zote mbili, kwa sababu kalipa inayonata hula moja na kuiacha nyingine. Diski nayo ina unene wa chini unaoruhusiwa, mara nyingi umechongwa juu yake pamoja na herufi MIN TH. Pima pale pedi zinapopita. Ukingo wa nje hauliki, kwa hiyo utakudanganya.

Bana mkono wa breki kwa nguvu, uushikilie sekunde 30. Ukizama polepole kuelekea kwenye mshikio, kuna mvujo au pampu imechoka. Ukiwa laini kama sponji, kuna hewa. Pinda paipu ya breki taratibu kwa vidole: mipasuko inayofunguka ukiipinda ni sababu ya kukataliwa hata kama haijaanza kuvuja.

Oili ya breki ya DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu wa hewa, na maji yakizidi inachemka mapema ukiwa kwenye mteremko mrefu. Watengenezaji wengi husema ibadilishwe kila miaka 2. Ikiwa na rangi ya chai nzito, usisubiri. Usiichanganye kamwe na DOT 5, ambayo ni ya silikoni, na usiidondoshe kwenye rangi ya tangi, itaibabua.

Tahadhari kubwa: ukishabadilisha pedi, bana breki mara nyingi mpaka mkono uwe mgumu kabla ya kuitoa pikipiki pale ilipo. Pistoni zilirudishwa ndani. Mbano wa kwanza hautashika kitu.

Ya drami. Kanyaga breki mpaka mwisho, uangalie mshale mdogo uliopo kwenye mhimili wa ule mkono unaovutwa na fimbo ya breki. Mshale ukipita alama, brekishuu zimekwisha. Kuna watu hukaza nati ya fimbo mwaka mzima, na ikifika mwisho wanang'oa mkono ule na kuurudisha umegeuzwa meno mawili ili wapate nafasi ya kukaza tena. Naomba sana usifanye hivyo. Brekishuu zikiwa nyembamba mno, kamu iliyo ndani, kipande kinachozisukuma brekishuu, inaweza kupinduka na kulibana gurudumu ukiwa mwendoni.

Breki ikiwa sawa, utaona hivi: gurudumu likiwa juu linazunguka bila kukwama, pedali ina mchezo wa kama sentimita 2 hadi 3, na ukisukuma pikipiki kwa miguu na kubana kidogo, inasimama bila kugugumia wala kulia chuma.

## Hatua ya 5: Shingo ya usukani

Kasoro hii huingia polepole mno hadi mwenye chombo anaizoea, halafu mkaguzi anaigundua kwa sekunde kumi.

Inua gurudumu la mbele hewani. Geuza usukani kutoka kushoto kabisa hadi kulia kabisa, taratibu, kwa kidole kimoja. Usikilize mkono wako. Ukihisi kama usukani unaingia kwenye kishimo ukifika katikati, beringi za shingo zimechimbika. Kukaza nati hakutaondoa kishimo hicho. Zibadilishwe zote mbili, ya juu na ya chini, pamoja na vikombe vyake.

Kisha kaa mbele, shika shokapu zote mbili kwa chini, uvute na kusukuma. Msaidizi aweke vidole kwenye maungio ya shingo. "Tok" anayoihisi hapo ni beringi zilizolegea. Kama shingo imetulia lakini chini kunacheza, tatizo ni bushi za shokapu au beringi za gurudumu.

Ukikaza, usizidishe. Usukani uliokazwa kupita kiasi unaifanya pikipiki iyumbe kwa mwendo mdogo, na mkaguzi ataukataa vile vile. Usukani ulio sawa ukisukumwa kidogo kutoka katikati huanguka wenyewe upande, bila kusita.

Injini ikiwa inaunguruma taratibu, geuza usukani pande zote mbili. Sauti ikipanda, waya wa mafuta unavutwa. Ukivuta resi na kuachia, mkono wa mafuta urudi wenyewe mpaka mwisho, usukani ukiwa upande wowote.

## Hatua ya 6: Tairi na magurudumu

Kina cha kashata hutofautiana kwa sheria ya nchi: Uingereza hudai angalau milimita 1, pikipiki kubwa za Ujerumani milimita 1.6. Pima katikati, ambako tairi ya nyuma huisha kwanza. Wengi hupima pembeni, wanaona bado kunene, wanaridhika.

Soma namba nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na kashata nzuri na bado mpira umekauka na kupasukapasuka. Mipasuko inayoonyesha nyuzi ni kukataliwa papo hapo. Mshale wa ubavuni uelekee upande gurudumu linakozungukia, na saizi ilingane na iliyoandikwa kwenye kitabu.

Shika gurudumu juu na chini, litikise. Mchezo wowote ni beringi. Lizungushe mbele ya ncha ya bisibisi uliyoishikilia karibu na rimu, uone kama rimu inayumba. Spoku zigonge moja moja kwa spana ndogo: iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa mlio mfu. Moja iliyokatika inatosha kukurudisha nyumbani.

## Hatua ya 7: Shokapu na mkono wa nyuma

Futa nguzo za shokapu za mbele kwa kitambaa, kandamiza mara kumi, futa tena. Duara la oili kwenye nguzo maana yake sili imekwisha. Kabla ya kununua mpya, angalia nguzo yenyewe: doa la kutu au mkwaruzo pale sili inapopita utaikata sili mpya ndani ya muda mfupi.

Kwa nyuma, shika gurudumu usukume kushoto na kulia huku msaidizi akishika fremu. Mchezo ukiwa kwenye ungio la mkono unaobeba gurudumu na fremu, bushi zake zimeliwa.

## Hatua ya 8: Cheni

Zungusha gurudumu ukipima ulegevu sehemu kadhaa, maana cheni hailiki sawa. Rekebisha kwa kutumia sehemu iliyokaza zaidi. Pikipiki nyingi za barabarani huhitaji ulegevu wa milimita 20 hadi 35. Kisha vuta cheni kutoka nyuma ya sproketi kubwa, lile duara la meno kwenye gurudumu la nyuma. Ukiona zaidi ya nusu ya jino, cheni imerefuka na haifai. Meno yaliyopinda kama ndoana yanadai seti nzima, cheni na sproketi zote mbili. Kava ya cheni iwepo na isiguse kitu.

Tahadhari: usisafishe cheni injini ikiwa inazungusha gurudumu. Vidole hukatika hapo, na hukatika kila mara kwa njia hiyo hiyo.

## Hatua ya 9: Ekzosi, mivujo na vidogo vidogo

Ziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kinene kwa sekunde mbili, injini ikiwa baridi na imetoka tu kuwashwa. Ukisikia "pss" kwenye maungio, kuna mvujo. Ekzosi iliyotolewa kizuia sauti ndani itakataliwa, na hakuna namna ya kuificha kelele yake.

Petroli isivuje hata tone. Honi ilie kwa nguvu. Vioo visilegee. Stendi ya pembeni irudi juu kwa springi yake. Siti na pedali za abiria zikazwe. Mambo haya ni ya robo saa, ila kila moja linaweza kuandikwa kwenye karatasi.

## Hatua ya 10: Siku yenyewe

Osha pikipiki jana yake. Asubuhi hiyo hiyo usiioshe: breki zenye maji hushika vibaya, na maji kwenye swichi huzima taa. Pima upepo tairi zikiwa baridi, rudia taa zote na msaidizi, beba kadi. Ondoa mzigo na begi linaloziba kibao.

Mkaguzi akikuonyesha kasoro, mwombe akuonyeshe kwa mkono ni wapi hasa. Wengi hukubali, na utaokoa saa nzima ya kubahatisha kwa fundi.

## Ukirudi baada ya matengenezo

Nenda na karatasi ile ile ya kwanza na uheshimu muda uliowekwa. Ukichelewa, vituo vingi huanza ukaguzi upya kuanzia mwanzo.

Kabla ya kurudi, kagua pia vitu ambavyo fundi amevigusa akitengeneza kilichoandikwa. Mfano unaonirudia mara nyingi ni tairi ya nyuma. Mtu alifeli kwa tairi, akaweka mpya, akarudi, akafeli kwa taa ya breki iliyokuwa ikiwaka vizuri juma lililopita. Gurudumu likitolewa, cheni inalegezwa, fimbo ya breki inafunguliwa, na ikirudishwa pedali inakaa pengine. Kwa hiyo ukitoka kubadilisha tairi ya nyuma, fuata mpangilio huu: alama za ekseli zilingane kushoto na kulia, ulegevu wa cheni, nati ya ekseli na pini yake, mchezo wa pedali, kisha swichi ya taa ya breki.